AKIBA YA KOMPYUTA: TUIWEKE WAPI?

Muhula huu wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Tatu wameniuliza swali moja mara nyingi: "Mwalimu, kipi kilicho bora, flashi au diski?" Hata mzazi mmoja, alipokuja kwenye kikao cha wazazi, alitaka kujua anunue kitu gani cha kuhifadhia hesabu za duka lake. Nikaona si vema kumjibu kila mtu peke yake pembeni. Afadhali nilieleze jambo lote katika gazeti letu, ili wote tufaidike.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: hakuna kilicho bora kwa kila kazi. Itazameni nyumba ya mkulima. Unga wa leo uko jikoni, karibu na mkono wa mpishi. Mahindi ya mwaka yako kihengeni. Mbegu za msimu ujao zimetundikwa darini juu ya moshi, mahali ambapo wadudu hawazipendi wala watoto hawazifikii. Mkulima huyu haulizi ni mahali gani palipo bora kupita pote. Huuliza: nataka kuweka nini, kwa muda gani, na nitakihitaji upesi kiasi gani? Mwenye kompyuta naye hana budi kujiuliza vivyo hivyo.

MAANA YA AKIBA

Ndani ya kompyuta mna kumbukumbu za namna mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu kuu. Hiyo ni kama ubao wa darasani: kazi inayofanywa sasa huandikwa humo, nayo husomwa upesi sana. Lakini umeme ukikatika, ubao hufutika wote mara moja. Ndiyo sababu mwanafunzi aliyeandika insha kwa saa nzima bila kuihifadhi hubaki ameshika kichwa taa zinapozimika.

Ya pili ni ile ambayo wataalamu huiita hifadhi ya pili. Mimi nitaiita akiba. Hiyo ni kama daftari: yaliyoandikwa humo hubaki hata mashine ikizimwa. Makala haya yahusu akiba hiyo tu.

Kabla ya kuendelea, tukumbushane vipimo. Biti 8 hufanya baiti 1, nayo baiti 1 hutosha kuandikia herufi moja ya kawaida. Baiti 1,000 ni kilobaiti 1. Kilobaiti 1,000 ni megabaiti 1. Megabaiti 1,000 ni gigabaiti 1. Na gigabaiti 1,000 ni terabaiti 1. Viwanda huhesabu hivyo, lakini kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024 badala ya 1,000. Kwa hiyo ukinunua flashi ya gigabaiti 16 na kompyuta ikakuonyesha 14.9 hivi, usirudi dukani kugombana. Hukupunjwa, ni kipimo tu kilichotofautiana.

AINA ZA AKIBA

1. Diski ngumu. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa diski ya kwanza ya namna hii, IBM 350, iliyofanya kazi pamoja na kompyuta yao ya RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na uzito wake wote ulikaribia tani moja. Pamoja na ukubwa huo ilichukua herufi milioni 5 tu. Leo picha moja iliyopigwa kwa simu yaweza kuchukua nafasi kama hiyo.

Diski ngumu za leo hutoshea kiganjani, lakini kanuni yake ni ile ile. Sahani zilizopakwa sumaku huzunguka, na kichwa kidogo huelea juu yake kikisoma na kuandika. Mwanya kati ya kichwa na sahani ni mwembamba kuliko unywele mara maelfu. Basi fahamuni kwa nini nawakataza kuinyanyua au kuigonga kompyuta yenye diski hiyo ikiwa kazini: kichwa kikiigusa sahani, huikwaruza, na yaliyoandikwa pale hupotea.

Tufanye hesabu ndogo. Diski izungukayo mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja, basi, ni milisekunde 8.3. Habari utakayo yaweza kuwa upande wowote wa sahani; kwa hiyo kwa wastani utangoja nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 4.2 hivi, mbali na muda wa kukisogeza kichwa. Kwetu sisi muda huo ni kufumba na kufumbua. Kwa kompyuta, ambayo hufanya mamilioni ya hesabu katika muda huo, ni kungoja kurefu mno.

Sifa ya diski ngumu ni kwamba huchukua vitu vingi kwa bei nafuu. Aibu yake ni kwamba ina viungo vinavyosogea, na kila kisogeacho huchakaa.

2. Flashi, kadi za kumbukumbu, na diski ziitwazo SSD. Hizi zote ni ndugu. Asili yake ni kazi ya Fujio Masuoka, injinia wa kampuni ya Toshiba ya Japani, aliyeivumbua namna hii ya kumbukumbu katika miaka ya 1980. Humo hamna sahani wala kichwa. Mna vijumba vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, ambavyo hunasa chaji ya umeme na kuishika hata mashine ikizimwa. Kwa kuwa hakuna kinachozunguka, SSD hutoa habari katika sehemu ya kumi ya milisekunde au pungufu. Kompyuta ya zamani iliyokuwa ikiwaka polepole, ukiitoa diski ngumu na kuitia SSD, huwaka upesi kama iliyozaliwa upya. Wala haijali sana kutikiswa njiani.

Lakini nayo ina kasoro tatu. Kwanza, kila kijumba huvumilia kuandikwa na kufutwa mara kadhaa tu. Katika aina nyingi za siku hizi ni mara elfu moja hadi elfu tatu hivi. Pili, chaji iliyonaswa huvuja kidogo kidogo, na huvuja upesi zaidi penye joto. Kwa hiyo si busara kuijaza SSD au flashi, kuifungia kabatini, na kuisahau kwa miaka mingi. Tatu, mara nyingi hufa ghafla. Diski ngumu huweza kulia kwanza au kuwa nzito, ukapata onyo. SSD yaweza kufanya kazi jioni na asubuhi isionekane kabisa.

Flashi ndogo ina hatari zake za ziada. Huanguka mfukoni, hufuliwa pamoja na sare, na huokota virusi katika kila kompyuta inapochomekwa, hasa za maduka ya stesheneri ambako watu mia huchomeka flashi zao kutwa. Tena, wazazi wetu wajihadhari na flashi za uongo. Huandikwa juu yake terabaiti 2, nayo bei yake ni ya kushangaza kwa urahisi. Ndani mna gigabaiti chache tu. Ukizidisha, faili mpya hufuta za zamani, na flashi yenyewe haisemi neno. Dawa yake ni kuijaza siku ile ile uliyoinunua, kisha kufungua faili zote uone kama zasomeka.

3. Diski za mwanga. Hizi ni CD, DVD na Blu-ray, ambazo huandikwa na kusomwa kwa mwali wa leza. CD huchukua megabaiti 700 hivi, DVD ya kawaida gigabaiti 4.7, na Blu-ray ya tabaka moja gigabaiti 25. Faida yake kubwa ni kwamba CD ya kuandikwa mara moja haibadiliki tena: virusi haviwezi kuiharibu, wala mtu hawezi kuigeuza alama ya 39 kuwa 93. Hasara yake ni mikwaruzo na jua, na tena kompyuta nyingi za mkononi za siku hizi hazina tundu la kuisomea.

4. Tepu. Wengi hudhani tepu zimekufa pamoja na kaseti za muziki. Sivyo. Tepu zilianza kutumiwa na kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mpaka leo ziko kazini katika mabenki na vituo vikubwa vya kompyuta. Aina iitwayo LTO-9, iliyotoka mwaka 2021, huchukua terabaiti 18 katika kasha moja linaloshikika kwa mkono. Ikitunzwa vema, watengenezaji husema yaweza kukaa miaka 30. Udhia wake ni kwamba sharti izungushwe mpaka pale habari ilipo, na mashine ya kuisomea ni ghali, haifai kwa mtu mmoja wala kwa shule kama yetu.

Naitaja kwa sababu ina fundisho. Mwezi wa Februari 2011 kosa la programu lilifuta barua katika masanduku ya baadhi ya watumiaji wa Gmail. Nakala zilizokuwa katika mashine zilizounganishwa nazo ziliguswa na kosa hilo hilo. Kilichoziokoa barua zile ni tepu, kwa kuwa tepu zilikuwa zimekaa kando, hazikuunganishwa na kitu. Likumbukeni jambo hili, nitalirudia.

5. Wingu. Msitazame juu. Wingu ni majengo yaliyojaa kompyuta za watu wengine, nasi huzifikia kwa njia ya intaneti. Uzuri wake ni mkubwa: simu yako ikiibiwa, picha zako zabaki, na unaweza kufungua kazi yako ukiwa Songea au Tanga.

Walakini wingu hutegemea njia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Aliyekuwa na kazi yake yote winguni siku ile alikuwa kama mtu mwenye fedha benki na mlango umefungwa. Jengo nalo huweza kuungua. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza kituo kimoja cha kompyuta cha kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa. Wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine hawakupata tena vitu vyao. Mwisho, kuna gharama ya kifurushi na muda. Kupeleka gigabaiti 100 winguni kwa njia ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua sekunde 80,000, yaani zaidi ya saa 22 mfululizo, umeme usipokatika.

NAMNA YA KUCHAGUA

Sasa mwaweza kuchagua wenyewe. Kabla ya kutoa fedha, jiulizeni maswali haya matano:

(a) Vitu vyangu ni vingi kiasi gani? Barua na alama huchukua nafasi ndogo sana. Picha huchukua zaidi. Video ndizo ziletazo njaa ya nafasi.

(b) Navihitaji upesi kiasi gani? Programu ya kazi ya kila siku yataka SSD. Picha za mahafali ya miaka iliyopita zaweza kungoja katika diski ngumu.

(c) Vitakaa muda gani? Wiki moja, flashi yatosha. Miaka kumi, flashi haitoshi.

(d) Vitasafiri au vitatulia? Kisafiricho kisiwe na sahani izungukayo.

(e) Vikipotea, nitapata hasara gani? Swali hili ndilo kubwa kupita yote, na ndilo linalosahauliwa dukani. Watu huuliza bei ya flashi, hawaulizi bei ya kilichomo.

MIFANO MITATU

Wa kwanza ni mwanafunzi. Kazi zake ni insha, michoro na mazoezi ya programu, yote chini ya gigabaiti chache. Flashi moja nzuri yamfaa kwa kubebea. Lakini flashi ni kikapu cha kwendea sokoni, si ghala. Kila Ijumaa aziweke kazi hizo pia katika kompyuta ya maabara, na akiweza azitume winguni katika akaunti yake.

Wa pili ni mzazi mwenye duka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lake sasa limo ndani ya kompyuta, nalo huandikwa kutwa nzima. Huyu namshauri awe na SSD ndani ya kompyuta, kwa kazi ya kila siku, na diski ngumu ya nje. Kila jioni anakili hesabu katika diski hiyo, kisha aichomoe na kwenda nayo nyumbani. Asiiache imechomekwa. Mwizi huchukua vyote viwili kwa safari moja, na virusi vinavyofunga faili na kudai fedha hufunga kila kilichounganishwa. Hapa ndipo lile fundisho la tepu linaporudi: nakala iliyokaa kando ndiyo iokoayo.

Wa tatu ni shule yenyewe. Hapa nasema kwa uzito zaidi. Katika stoo yetu limo boksi la flopi za inchi tatu na nusu, ambazo kila moja ilichukua megabaiti 1.44. Juu ya vibandiko vyake mmeandikwa kwa kalamu: "Matokeo", "Orodha ya wanafunzi", na mwaka. Hazijaliwa na panya wala hazijalowa. Lakini shuleni petu hakuna mashine hata moja iwezayo kuzisoma. Huko nje yupo mtu mzima aliyesoma hapa, na huenda siku moja akaja na bahasha mkononi kuomba uthibitisho wa alama zake apate kazi. Sisi tutamjibu nini? Kwamba alama zako tunazo, ila hatuwezi kuziona?

Kwa hiyo kumbukumbu za wanafunzi, ambazo kwa ukubwa ni ndogo, zastahili ulinzi mkubwa kuliko video zetu zote za michezo. Nashauri ziwe katika kompyuta ya ofisi, na katika diski ya nje iliyofungwa kabatini mwa jengo jingine, na winguni chini ya neno la siri ambalo ofisi ya Mkuu wa Shule inalitunza. Kila mwaka diski hiyo ifunguliwe na faili zake zisomwe. Kila baada ya miaka mitano hivi zinakiliwe katika chombo kipya, kabla chombo cha zamani hakijawa kama flopi zile. Na orodha ya matokeo ya kila mwaka ichapwe katika karatasi na kujalidiwa, kwa kuwa karatasi haihitaji tundu wala umeme ili isomwe.

KANUNI YA TATU, MBILI, MOJA

Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni ambayo sasa hufuatwa na watu wengi. Kitu chenye thamani kiwe na nakala 3. Nakala hizo ziwe katika vyombo vya aina 2. Na nakala 1 ikae mahali pengine, mbali na nyumba hiyo. Mimi naongeza neno moja tu: nakala ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu. Wengi wamelala usingizi wakijua wana nakala, na siku ya haja wakakuta faili tupu.

Methali yetu husema akiba haiozi. Kwa mahindi yaliyokaushwa vema na kwa elimu, ni kweli. Akiba ya kompyuta huoza: sumaku hufifia, chaji huvuja, sahani hukwaruzika, na mashine za kusomea hutoweka madukani. Haiozi kwa yule tu anayeigeuza na kuihamisha kwa wakati wake, kama mkulima agusaye mahindi yake kila mara kuona kama yameingiwa na fukusi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Diski yazunguka mara 5,400 kwa dakika. Kwa wastani, habari hungojwa milisekunde ngapi mpaka ifike chini ya kichwa?

2. Chama cha Skauti kina picha 250, kila moja megabaiti 4. Je, zitaingia katika CD moja? La sivyo, zitahitajiwa CD ngapi?

3. Shule ina faili za gigabaiti 40, na njia yake ya intaneti ni megabiti 5 kwa sekunde. Kuzipeleka winguni kutachukua saa ngapi?

4. Dada yako ana picha za harusi katika simu yake, na hana nakala nyingine popote. Mwandikie barua fupi umweleze afanye nini wiki hii, kwa fedha kidogo iwezekanavyo.

Majibu yaletwe kwangu katika chumba cha walimu kabla ya kufunga shule. La nne nitalisoma kwa makini kuliko yote. Nawaomba msingoje nilisahihishe ndipo mlipeleke kwa dada.